Daftari la Bucha

Mezani palipolala paja la ng'ombe tangu alfajiri
sasa pamelala pango, mto, daraja la kamba,
vyote kwa chaki. Nimepasugua mara tatu kwa majivu
na bado joka linanuka mafuta.

Arua haina umeme. Tunayo tochi ya Ezati,
ile ya kukagulia plagi za pikipiki,
ameifunga kwenye ndoano ninapotundika maini,
na upepo ukipenya mlangoni
vivuli vyetu vinapigana kabla yetu.

Dadu nilizichonga mwenyewe, mfupa wa goti.
Ile ya pande ishirini ilinila wiki mbili na ncha ya kidole.
Ayikoru haiamini. Aliirusha mara mia mbili, akihesabu,
akasema saba inapendelewa: "Uboho umeegemea huko."
Basi tumekubaliana: saba ni kudra.

Ugomvi wetu ni mmoja tu: nani anaumiza zaidi?

Ezati ni mbeba upanga. Hapigi hesabu, anapiga.
Mapigo mawili kila zamu, sita hapa, tano pale,
kama mtu anayepasua kuni za msibani,
bila haraka, bila kukoma.
Ayikoru ni mlozi. Moto wake hushuka mara mbili kwa usiku,
na ukishuka huondoka na majitu matatu, na daraja letu pia;
kisha zamu saba anakaa nyuma ya jiwe,
mikono mitupu, akidai heshima.
Candiru, nesi wa wodi ya upasuaji, amechagua kisu cha gizani.
"Kutwa nashona watu," anasema. "Usiku niacheni nifumue."

Na mimi, mwenye bucha, mwenye mapanga matatu ukutani,
mimi ni mganga.

Msinicheke. Mkono huu unajua kiungo kinapoachia;
unataka, mara moja moja, kujua kinaposhikia.

Daftari ni lile lile la madeni. Mbele, nyama. Nyuma, majeraha:
Ayikoru mia na kumi na mbili.
Ezati tisini na sita.
Candiru themanini na nane.
Mganga tatu, na hizo tatu
nilimkanyaga panya nikirudi nyuma.

Nikagawa kwa zamu tisa. Mlozi kumi na mbili na ushee,
upanga kumi na ushee, kisu tisa na ushee.
Ushee huo ndio tuliogombania mpaka jogoo wa kwanza.

Lakini zamu ya tano Ezati alianguka. Uhai sifuri.
Nilitambaa juu ya makaa ya mlozi,
nikamwekea kiganja kifuani, nikatupa mfupa.
Saba.
Akainuka akitukana, na katika zamu zilizobaki
akaongeza arobaini na nne.

Nikauliza, kalamu hewani: hizi niandike kwa nani?
"Kwa aliyeshika upanga," Ezati akasema.
"Kwa aliyewachoma wakalainika," Ayikoru akasema.
Anguzu, msimulizi wetu, aliyekufa mara kumi na nne usiku ule
kwa sauti kumi na nne, akapiga mwayo tu.
Candiru alikuwa akikusanya dadu kwenye bakuli.
"Wodini tunaandika waliokufa," akasema.
"Safu ya ambao wangekufa
haijawahi kuchapwa."
Akafunika bakuli. Zamu yake ilianza saa moja.

Asubuhi mke wa fundi cherehani alikuja na deni lake la kilo moja.
Daftari lilikuwa limefunguka kinyume.
Akasoma, kidole kikifuata mstari, akashika mdomo:
"Tisini na sita! Ezati ana harusi?"

Nikafuta kisu kwenye aproni.
"Arobaini na nne, mama, nilimkopesha mimi."

Akalipa, akahesabu chenji yake mara mbili,
akaenda zake akitikisa kichwa
juu ya vijana wa siku hizi na nyama.